Zamu ya Banio

Kila neno hapa ni kweli, naapa mkono juu na kofia chini. Asiyeamini apande mwenyewe mlimani akaulize. Mwaka ule ukame uliubana Mlima Meru hata kinyonga wa kwenye mgomba wa Kaanaeli akakosa la kufanya, maana kila alipotazama rangi ilikuwa moja. Mfereji uliokuwa ukivuma ukawa uzi. Maji yakifika kwa Kaanaeli, kwenye ekari moja isiyotimia ya kahawa na migomba, yalitosha kulowesha kisigino.

Shamba hilo ndilo alilobaki nalo. Mumewe alizikwa humo, kando ya mbuni wa kwanza walioupanda pamoja.

Mtendaji wa kijiji, Reginald, kijana ambaye viatu vyake havikujua vumbi, aliwaita watu banioni, pale mto unapokingwa ili maji yaingie mferejini.

“Shikamooni wazee wangu. Maji yanaibiwa. Kuanzia leo kila kaya ilete mtu wa kulinda banio, asubuhi mpaka jioni. Anayefika asaini hapa. Asiyesaini hana zamu ya maji.”

Watu wakagombea kalamu. Karatasi ilikuwa na namba na mistari tu, juu haikuandikwa kitu. Nani angeuliza, na maharage yanakauka?

Kaanaeli alisaini siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikaa juu ya jiwe, macho kwenye lango la mbao. Hata kukohoa alikohoa akitazama. Aliyemwogopa ni Aminiel, jirani wa juu, ambaye kabichi zake zilikuwa na ubichi wa kutiliwa shaka. Aminiel akiinama kufunga kiatu, Kaanaeli anasimama.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, ameshasaini, wakapita wanaume watatu wenye vizibao vya njano na vigingi begani.

“Shikamoo bibi. Njia ya kwenda lile bonde la migomba ni ipi?”

“Marahaba. Fuateni mfereji, mkiona masale marefu yaliyopandwa mpakani kwangu pindeni kulia. Ni watu wa maji ninyi?”

“Watu wa vipimo, bibi.”

“Basi pimeni vizuri. Na huyu wa kabichi mumpime pia.”

Wakacheka, wakashuka. Hakuwageukia hata kuona wanaishia wapi.

Simu ikalia. Ni binti yake Elieshi, anayeuza mitumba mjini, Lemara.

“Mama, shikamoo. Mteja wangu mmoja anafagia ofisi ya ardhi. Ameona ramani mpya, ina jina la kijiji chetu. Uko nyumbani?”

“Niko banioni.”

“Nenda nyumbani, mama.”

“Nikiondoka hapa Aminiel anafungua. Ng'ombe nitamnywesha ramani?” Akakata.

Mchana Aminiel mwenyewe akaja mbio, kofia mkononi.

“Kaanaeli! Wanang'oa masale yako kule chini! Wamefika kaburini!”

Kaanaeli akainuka nusu. Macho yakamwendea Aminiel, yakarudi kwenye lango, yakamwendea tena. Mzee mmoja waliyekuwa naye zamu akajibu kabla yake:

“Mama Elieshi, kaa. Huyo anakutoa hapo. Chini hutakuta mtu, na ukirudi hutakuta maji.”

Watu wakaangua kicheko.

“Basi nifungeni kamba kwenye huu mti,” Aminiel akasema, “halafu aende!”

Wakacheka zaidi. Kaanaeli akakaa.

Aliondoka zamu ilipokwisha, jua limepoa. Siku hiyo halikuibiwa hata tone.

Chini, masale ya mpakani yalikuwa yamelazwa mizizi juu, yamefungwa matita kama kuni za kuuza. Vigingi na utepe vilizunguka shamba lote, na kaburi ndani yake. Nyumba peke yake iliachwa nje. Mlinzi aliyejiita Lekishon akamwamkia kwa adabu, akamwambia haruhusiwi kuvuka.

Asubuhi Reginald alimvutia kiti.

“Shikamoo mama. Karibu.”

“Marahaba. Nani amewapa watu shamba langu?”

“Mwekezaji wa hoteli amepewa eneo la wazi, mama. Mkutano mkuu wa kijiji uliridhia.”

“Mkutano upi?”

Akafungua faili. Juu palikuwa na muhtasari uliochapwa vizuri. Nyuma yake karatasi za banioni, zimebanwa kwa pini. Jina la Kaanaeli lilitokea mara nne.

“Mwandiko si wako?”

“Ni wangu. Nilisaini maji.”

“Mama, hapa hakuna neno maji.” Akampindulia karatasi moja moja, bila haraka, ajionee. “Tena umehudhuria kuliko wengi. Una siku saba za kuhamisha migomba. Hilo nimekuombea mimi.”

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwasimulia watu waliojazana kwenye utepe siku ya tano ya zile saba, na wananisikiliza kweli, Kaanaeli akatokea nyuma yangu na jembe.

“Unasimulia vizuri,” akasema. “Ila huyo mzee mmoja, hana jina?”

“Aah, Mama Elieshi, simulizi hii. Ni mzee yeyote tu.”

“Yeyote alikaa kulia kwangu, anatafuna muwa.”

Watu wakacheka, kisha wakaacha, wakanigeukia mimi. Nikamtazama Aminiel, ambaye alikuwa amebeba miche miwili ya migomba begani. Hakunisaidia.

Kaanaeli akaninyooshea mpini. Nikavua koti, nikavuka utepe, nikaanza kuchimba. Yalibaki mashina kumi na tisa. Kila nililoling'oa, Lekishon alilifukia shimo lake na kulikanyaga kwa buti, na nyuma yangu pakazidi kuwa eneo la wazi, kama muhtasari ulivyosema.