Bibi Harusi Juu ya Sinia

Yasini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona harusi inapita, mikono inamwasha. Hakuwa mtu mbaya. Msikitini aliheshimiwa, na mtaani watoto walimsalimia bila kusukumwa. Ila alikuwa mtani, na kibaya zaidi, alikuwa mtani mwenye Sinia.

Sinia hilo lilikuwa Nachingwea, ndani ya banda refu la mabati lililojengwa enzi za garimoshi. Reli iling'olewa kabla Yasini hajazaliwa, vichwa vya treni vikaenda vilikokwenda, lakini kile kidaraja cha chuma kilichokuwa kikivigeuza kiligoma kung'oka. Kilibaki pale juu ya shimo la mviringo, kimeshikwa katikati na mhimili mmoja, pembeni kimechomekwa mti wa kusukumia. Unapandisha chombo kikiwa kinatazama ukutani, unausukuma mti, daraja linazunguka taratibu, chombo kinashuka kikitazama mlangoni. Nani aliliita Sinia kwanza, hakuna aliyekumbuka. Jina lilikaa, basi.

Siku hizi banda lilikuwa maegesho ya bajaji za umeme, zile zisizo na kelele, zinazokwenda Ruangwa na kurudi. Usiku zililala kuzunguka shimo zikichajiwa. Asubuhi kila moja ilipanda Sinia, ikageuzwa, ikatoka. Mlango ulikuwa mmoja, na njia pekee ya kuufikia ilipita juu ya Sinia. Kwa hiyo hakuna bajaji iliyotoka mle bila mkono wa Yasini, na Yasini alilijua hilo kupita kiasi. Alilipaka grisi Sinia lake kuliko mkewe anavyojipaka mafuta. Madereva walisema akiumwa homa atalalia mti wa kusukumia badala ya mto.

Miongoni mwa madereva hao alikuwamo Josephina, mwanamke wa Kimakonde ambaye babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuja na ulimi mkali, kisha akamrithisha mjukuu. Yasini ni Mmwera. Wawili hao walikuwa watani, na utani wao haukuwa wa kuchekeana tu. Kwenye arobaini ya mama yake Yasini, Josephina alijilaza mlangoni akapiga kelele kwamba marehemu alimwachia urithi wa jogoo mwekundu na hatanyanyuka mpaka akabidhiwe. Akakabidhiwa. Akamla palepale, mbele ya wafiwa, na mbavu za watu zikauma kwa kicheko. Yasini naye alicheka. Lakini alikuwa anampenda jogoo yule, na tangu siku hiyo alisubiri zamu yake.

Zamu ikaja. Catherine, binti wa pekee wa Josephina, alipata mchumba, Edwin wa Ruangwa, kijana aliyefanya kazi migodini mbali huko Kanda ya Ziwa. Ndoa ilipangwa kanisani Ruangwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, saa tatu kamili asubuhi. Padri alishatangaza kwamba ana ndoa nyingine nyuma yake na hamsubiri mtu. Atakayechelewa atangoja Kwaresima yote ipite, na Pasaka ikija Edwin atakuwa amesharudi kazini, hajulikani atapewa ruhusa tena lini. Nachingwea nzima ilizijua habari hizo. Yasini pia alizijua.

"Nitawashikilia kidogo tu," aliwaambia madereva. "Mama mtu aimbe, acheze, anirudishie jogoo wangu, basi. Watafika mapema hata padri hajavaa."

Utani wa harusi ndivyo ulivyo. Mtani anaruhusiwa kumzuia bibi harusi njiani, na wenye harusi wanatakiwa wamgomboe. Wengine huzuia kwa kamba au gogo barabarani. Yasini alikuwa na Sinia.

Tatizo dogo lilikuwa nyumbani. Mkewe, Sabaha, alikuwa ameshonesha sare ya kitenge kwa ajili ya harusi hiyo, akaitundika ukutani ili mumewe aione. Yasini aliiona, akasema ni nzuri, kisha akasema hawaendi.

"Nani atageuza Sinia?" aliuliza.

"Bonifasi anaweza."

"Bonifasi!" Yasini alicheka kama aliyeambiwa mbuzi atamshikia usukani. "Mama Hadija, ukitaka nife mapema nipelekee Bonifasi kwenye Sinia."

Sabaha hakubishana. Aliitoa sare ukutani, akaikunja. Siku waliyooana Yasini alimchukua kwao Nambambo juu ya trela la trekta, kati ya magunia ya korosho, akamwambia avumilie, siku moja atampandisha gari lenye maua mbele ya watu wote. Wakati huo walikuwa vijana na ahadi zilikuwa rahisi. Ijumaa jioni Sabaha aliaga kwamba mtoto wa dada yake anaumwa, analala Nambambo. Yasini alimpa pole, akaenda kulipaka Sinia grisi.

Jumamosi alfajiri, baada ya sala, alifungua banda. Bajaji ya Josephina ilikuwa imepambwa tangu jana: maua ya karatasi, riboni nyeupe, na kitambaa cha satini juu ya kiti cha nyuma. Uji wa Yasini wa kila asubuhi haukuwa umeletwa, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba Sabaha hayupo.

Mara vigelegele. Wanawake waliingia bandani kwa msafara, wameshika khanga juu ya kichwa cha bibi harusi ili jua lisimguse, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijachomoza vizuri. Bibi harusi alivaa gauni jeupe, glavu nyeupe, na shela nzito iliyomfunika hadi kifuani. Alitembea kichwa chini, mabega yakitetemeka. Analia, Yasini aliwaza, na kidogo akamwonea huruma, kwani alimjua Catherine tangu akitambaa. Josephina alikaa kwenye usukani, akaipandisha bajaji juu ya Sinia.

Yasini akashika mti. Akasukuma. Sinia likazunguka kwa utiifu wake wote, robo ya duara, na bajaji ikawa inatazama ubavu wa banda, shimo kushoto, shimo kulia. Hapo akaachia mti, akakunja mikono.

"Nimechoka," alisema.

Kicheko kililipuka. Josephina alitoa kichwa nje. "We Mmwera, umeanza?"

"Mimi? Chuma ndicho kimegoma. Kinasema kuna jogoo kiliwahi kumpenda, akaliwa na Mmakonde mmoja msibani. Kinasema mpaka mama mtu ashuke, acheze, na aseme mbele ya watu kwamba bila Wamwera, Wamakonde wangekuwa bado wanatafuta njia ya kuja huku."

Josephina alishuka bila ubishi. Hilo lingetosha kumshtua Yasini, lakini alikuwa anafurahi mno. Mama alicheza kwenye ukingo wa shimo, akazungusha kiuno, akasema maneno yote aliyotakiwa, tena kwa sauti. Akaahidi jogoo. Akaahidi na tetea. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia.

"Haya," Yasini alisema, amejaa raha. "Chuma kimeridhika."

Akashika mti, akasukuma. Sinia halikwenda.

Akatabasamu. Akajipanga upya, akasukuma kwa bega. Lilisogea kidogo kama upana wa kiganja, likagota, likanyamaza.

"Mtani, utani umekwisha," Josephina alisema. "Tupishe twende."

"Sio mimi sasa."

"Ndivyo ulivyosema mwanzo."

"Wallahi sio mimi!"

Bonifasi, dereva mnene kuliko wote, alikuja akasukuma naye. Wengine wakaja. Sinia halikusogea, na juu yake bibi harusi hakuinua kichwa. Yasini alikimbia kuleta grisi. Ilipoisha akaleta oili chafu. Ilipokwisha nayo, mwanamke mmoja akamkabidhi chupa ya mafuta ya ufuta yaliyokuwa ya kupikia pilau, akayamimina yote, na banda zima likanukia karamu. Chuma hakikujali. Nje jua lilishapanda, na kila alipolitazama alimwona padri wa Ruangwa akivaa.

"Ashuke," alisema Yasini, jasho linamtoka mpaka kwenye kofia. "Ashuke twende naye kwa bodaboda."

"Bibi harusi wa kwetu akishapanda hakanyagi chini mpaka mlango wa kanisa," Josephina alijibu. "Na mwanangu apande bodaboda na gauni lile? Likinasa kwenye mnyororo?"

"Basi bajaji nyingine!"

"Zote ziko nyuma ya Sinia lako, mtani."

Zilikuwa nyuma kweli. Yasini alizitazama, moja baada ya nyingine, zimechajiwa, zimesafishwa, hazina pa kupita. Wanawake walikuwa wameacha kucheka. Mmoja aliinamisha uso, akaziba mdomo kwa khanga, na Yasini alidhani analia. Akamwona Edwin kanisani akitazama saa, akamwona akipanda basi la kurudi Kanda ya Ziwa, peke yake, na Catherine akizeeka Nachingwea huku watu wakimnyooshea kidole Yasini kila anapopita.

Akapiga magoti pembeni ya shimo, mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Mwanangu Catherine," alisema, na sauti haikuwa ya utani. "Nisamehe. Mimi ni mjinga. Nimekuona unakua, halafu siku yako moja nimeichezea. Sema unachotaka nitakupa. Hata hili Sinia, nikiweza kulikata kwa meno, nitalikata."

Shela ilitikisika kidogo.

Yasini hakuweza tena kuvumilia. Alirukia shimoni, akatambaa chini ya daraja kwenye giza na mafuta ya ufuta, akipapasa magurudumu madogo yanayobeba ncha za Sinia. Kwenye gurudumu la mwisho mkono wake ulikuta mti. Mti laini, mrefu, umebanwa kati ya gurudumu na ukuta wa shimo. Akauvuta, ukatoka. Akatambaa nao hadi kwenye mwanga.

Ulikuwa mchi wa kutwangia. Ncha moja iliungua kidogo, pale Hadija alipokuwa mdogo akauchokonolea moto. Yasini aliujua ule mchi. Aliuchonga yeye mwenyewe mwaka aliooa.

Akausimamisha mkononi, akainua uso polepole. Juu ya Sinia, bibi harusi alikuwa ameshapandisha shela.

"Umeuona mchi wangu, Baba Hadija?" Sabaha aliuliza. "Niliutafuta sana jikoni."

Banda lilipasuka. Wanawake waliokuwa wakiziba midomo waliiachia, Bonifasi alikaa chini akipiga sakafu, na Josephina alishika kiuno akicheka hadi machozi. Catherine alikuwa Ruangwa tangu jana jioni, amelala kwa shangazi yake, saa hizi anasukwa nywele. Waliopanga kila kitu ni wanawake wawili, mmoja mtani, mmoja mke. Mchi wenyewe ulipenyezwa shimoni na wanawake wakati Josephina akizungusha kiuno ukingoni. Na yule anayejua Sinia linakobanwa ndiye aliyekuwa akileta uji hapo kila asubuhi.

Yasini alisimama shimoni, mafuta yanamchuruzika shingoni.

"Haya," Josephina alisema, "mtani, mila inasema nini? Bibi harusi amezuiwa. Mumewe amgomboe."

"Kwa kitu gani?" Yasini aliuliza, sauti ndogo.

Sabaha aliirekebisha glavu. Sasa yeye pia hakuwa anacheka. "Upande hapa ukae na mimi. Twende Ruangwa. Funguo za banda mpe Bonifasi."

Yasini alimtazama Bonifasi, akalitazama Sinia, akamtazama Bonifasi tena. Mkono ulikwenda mfukoni ukarudi, ukaenda tena. Hatimaye alizitoa funguo.

"Usimsukume kwa tumbo," alimwambia Bonifasi. "Msukume kwa bega. Halafu ukifika karibu na mlango, umpunguze."

"Mzee, ni chuma."

"Najua ni chuma!"

Alisukuma yeye mwenyewe mara ya mwisho, taratibu, mpaka bajaji ikatazama mlango na barabara. Kisha akajifuta kwa khanga aliyorushiwa na mtu, akapanda, akakaa kwenye satini pembeni ya gauni jeupe akiwa ameshika mchi magotini.

Wakatoka. Bajaji haikuwa na kelele, kwa hiyo kila kilichosemwa barabarani kilisikika. "Yasini kaongeza mke!" mtu alipiga kelele kutoka kibandani. "Mpya mzuri, anafanana na yule wa zamani!" Yasini aliteremsha kofia usoni.

"Ungeniambia tu," alinong'ona. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliitundika ukutani."

Walipita soko. Yasini aliugeuza mchi mkononi.

"Ulikuwa unatetemeka ulipoingia. Nilidhani unalia."

"Nilikuwa nacheka," Sabaha alisema. Akatazama nje, maua ya karatasi yakipigwa na upepo. "Kulia nilishalia. Siku ile kwenye trela. Uligeuka ukaniuliza kama magunia yamekaa vizuri."

Lile trela Yasini alikuwa akilihadithia kila mwaka kama kichekesho, na kila mwaka Sabaha alikuwa akicheka na wengine. Aliiweka kofia sawa, akaketi wima ili kila mtu amwone amekaa na nani. Mbele, nyumba za mwisho za mji zilikuwa zinakaribia, na baada ya hapo ni mashamba tu.

Akainama, akamgusa Josephina begani.

"Mtani," alisema, "punguza mwendo. Wa huku mwisho bado hawajamwona."