Mji Uliokimbiwa na Bahari

Ukumbi wa mashindano ya malenga wa kujibizana ulifurika hadi kwenye ngazi. Wengi walikuwa wenyeji wa Almati, lakini watu arubaini walitoka Aral, mji wa bandari ambao bahari yake ilikauka, na hao ungewatambua hata ukifumba macho, maana ndio waliopiga kelele kuliko wote. Walisafiri kwa treni mchana kutwa na usiku kucha, wakila samaki wa kukausha na kumfundisha malenga wao, Bekaris, kazi yake.

Bekaris alikaa jukwaani, gambusi lake la dombra pajani, nyuzi mbili tu kati yake na aibu. Mwaka jana malenga wao mwingine aliishiwa neno papa hapa, akainamisha kichwa akaomba radhi. Tangu siku hiyo mtu wa Aral akitaja kwao, hata muuza tiketi humwuliza, "Bahari mmeshaipata?" Kwa hiyo Bekaris aliapa stesheni, mbele ya wote: akinyamazishwa, treni ya kurudi itaondoka bila yeye.

"Utakaa wapi sasa?" shangazi yake Kuliash alimwuliza. "Almati hii utamudu kodi ya banda la kuku?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kiapo chake alikimaanisha.

Mshindani wake alikuwa Jansaya wa Almati, binti mrefu mwenye sauti ya kengele na ulimi wa wembe. Kabla ya kuanza alitabasamu akauliza, kama desturi, wao ni nani kwa nani.

"Mama yangu ni binti wa Aral, wa ukoo wako," alisema. "Basi wewe ni mjomba wangu."

Ukumbi ulinguruma kwa furaha. Mtoto wa binti ana ruhusa ya kuwatania wajomba zake apendavyo, na mjomba hana ruhusa ya kukasirika.

"Nimekwisha," Bekaris alijisemea. Jansaya akazipiga nyuzi:

*Mjomba, kwetu peponi, matofaa yanukia,*
*Maji baridi bombani, theluji yatutilia,*
*Kwenu kuna kitu gani, ila chumvi kuingia?*
*Bahari yenu jamani, nayo iliwakimbia!*

Wenyeji walisimama kwa vicheko. Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi. "Mjomba, hama! Chumba kipo kwangu!"

"Kalale humo wewe!" Kuliash alimrudishia bila hata kugeuka.

Bekaris alikuwa amelitazamia tusi hilo tangu stesheni. Damu ilimchemka, vidole vikakimbia vyenyewe:

*Iliondoka bahari, lakini tuliingoja,*
*Tukajenga kwa hiari, ukuta, siku si moja,*
*Sasa samaki tayari, wamerejea pamoja,*
*Aliyekwenda safari, ametoroka? Si hoja!*

Watu arubaini walipiga kelele za watu mia nne. Mzee mmoja alirusha kofia juu, ikatua kichwani pa mwanamke asiyemjua. Bekaris alianza kutabasamu, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Jansaya alikuwa akitabasamu pia. Hata hakupumzika:

*Imerudi, nasikia, haikufika mjini,*
*Mbali imesimamia, kilomita ishirini,*
*Huko yawachungulia, yajiuliza: "Kwa nini?"*
*Haitaki kuingia, nami nifuate nini?*

Safari hii hata wa Aral wawili watatu walicheka, kisha wakaziba midomo. Ilikuwa kweli tupu. Ukuta ule uliyazuia maji yakarudi, lakini yakasimama kule nje, na bandari ya mji ilikuwa bado mchanga na vyuma.

Bekaris alipiga nyuzi. Neno halikuja. Akapiga tena. Jaji wa katikati alisogeza mkono karibu na kengele, na kengele ikilia mambo yamekwisha. Akatafuta la kusema juu ya moshi wa Almati, foleni za magari, bei za nyumba. Yote yalikuwa matusi, na hakuna lililojibu. Bahari imesimama nje ya mji. Imesimama. Haiingii.

Aliinua macho, akamwona Shangazi Kuliash amejifunika uso kwa ncha ya ushungi wake, hataki kuona aibu ikirudiwa. Ushungi usoni. Mwanamke amesimama nje, amejifunika, haingii mpaka...

Mkono wa jaji ukagusa kengele. Bekaris akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka:

*Bibi harusi wa kwetu, hashukii mlangoni,*
*Hushukia mbali, watu, wamfuate njiani,*
*Kasimama mwali wetu, na ushungi wa usoni,*
*Twavaa sasa viatu, tukamlete nyumbani!*

Hakukuwa na mtu mle ambaye mama yake au mke wake hakushushwa mbali na nyumba, akasubiri wasichana wamwendee, akaingia kwa miguu kati ya nyimbo.

Kuliash aliruka kitini kama msichana. "Mwali anakuja!" alipaza sauti, akachopoa mfuko wa pipi za safari na kuzirusha juu, zikanyesha vichwani kama harusini. Wanawake wa Aral wakafungua mikoba yao. Halafu wale wa Almati nao, maana nani atakaa kitako pipi za harusi zikirushwa? Watu wazima walipiga magoti wakizigombania chini ya viti. Jaji mwenyewe aliacha kengele, akadaka moja.

Jansaya alianza kupiga nyuzi. Akapiga, akapiga. Kisha akaweka kiganja juu yake, zikanyamaza.

"Mjomba, umenionea," alisema huku akicheka. "Nani anamsimanga bibi harusi mbele ya watu?"

Akainamisha kichwa. Kishindo kilichofuata kilisikika hadi barabarani.

Kisha akainama jukwaani, akaokota pipi mbili, moja akaifunga kwenye leso. "Hii ya mama," alimwambia Bekaris kwa sauti ya chini. "Hajarudi huko tangu aolewe. Treni yenu inaondoka saa ngapi?"

Kabla hajajibu, Kuliash alikuwa ameshafika jukwaani, anahema, mfuko mtupu mkononi.

"Saa mbili asubuhi!" alisema. "Na mje na chakula, huyu mtoto amenimalizia pipi zote!"