Msemaji wa Upande wa Pili

Kila kundi lina mtu wake wa kurushiwa mawe, na Baraza la Alhamisi lilikuwa na Kinyume. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata mwaka wa kwanza, siku wanafunzi walipojadili haki za wachuuzi wa barabarani na mjadala ukapoa kama uji, maana wote walikuwa wanakubaliana. Mwenyekiti, binti mwenye sauti ya kuamsha wafu waliyemwita Spika, aliuliza nani atasimama upande wa pili. Chumba kizima kikatazama sakafu. Kijana mmoja mgeni, asiyejua hata mtu wa kumwazima kalamu, akanyoosha mkono. Alitetea kufukuzwa kwa wachuuzi kwa ufundi mpaka watu wakamzomea kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni alisikia akiitwa jina. Lilikuwa la utani, lakini jina ni jina.

Basi kazi ikawa yake. Ada ipande? Kinyume alitetea. Magazeti yafungiwe? Kinyume tena. Siku moja alijitungia hata mjomba polisi aliyevunjwa mguu kwa jiwe la waandamanaji. Wasichana wawili walilia. Kisha akawacheka: hakuwa na mjomba wa namna hiyo. Walimsifia hadithi ile wiki nzima, yeye akavimba kichwa.

Lakini baraza likiisha, wenzake walitoka makundi makundi kwenda kula, wakibishana njia nzima, na yeye alibaki akifunga madirisha. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita pia. Mtu anayebadili moyo kila Alhamisi, utaanza naye mazungumzo wapi?

Mama yake mdogo hakuyajua hayo. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na kazi yake ilikuwa kusafisha mabweni ya wasichana hapo hapo chuoni: vyoo, ngazi, korido ndefu, na kwa magoti pale ambapo fagio halifiki. Wiki hiyo wafagizi waliambiwa kwamba mwezi ukiisha, yaani Jumatano inayofuata, kazi yao inachukuliwa na kampuni. Kampuni ilikuwa na mashine na watu wake.

"Wewe si unaongea na wenzako kila Alhamisi?" alimuuliza jikoni, akimenya vitunguu. "Waambie. Una marafiki wasomi tele, wewe watakusikiliza. Sisi tukisema, tunaambiwa tuna kelele."

"Nitawaambia, mama."

Angemwambiaje kwamba hana rafiki hata mmoja?

Alhamisi ilipofika, hoja ilikuwa hiyo hiyo, maana habari ya wafagizi ilishaenea chuo kizima. Baraza liende kesho kukaa nao mbele ya ofisi za utawala, wasiondoke mpaka wasikilizwe. Feni lilikuwa likikwaruza, viti vya plastiki vimepangwa duara, na wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine kusema juu ya jasho na utu. Walisema vizuri. Kinyume aliwapenda siku hiyo kuliko siku zote.

"Upande wa pili," alisema Spika. "Kinyume, karibu utuharibie jioni."

Alisimama.

"Leo sipingi. Naunga mkono. Mmoja wa hao wafagizi ni mama yangu mdogo. Amenilea. Akifukuzwa, hatuna pa kushika."

Sauti ilimkatika, na machozi aliyoyazuia siku zote hizo yakamtoka mbele za watu. Mtu mmoja aliyekaa karibu na mlango akaangua kicheko.

"Jamani, huyu! Mjomba polisi leo kaleta dada yake!"

Wote wakalipuka. Walipiga makofi, wakapiga viti, wakapiga sakafu kwa miguu. "Safi sana! Haya geuza sasa, Kinyume! Geuza!"

"Sigeuzi. Nasema kweli."

"Siku ya mjomba ulisema hivyo hivyo," alisema Spika, akijifuta macho kwa kucheka. "Umetuweza. Endelea na hoja."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yake ilikuwa ndefu kidogo, lakini mwisho wake ulikuwa hapo.

"Basi pigeni kura tu," alisema.

Mwanafunzi mmoja wa sheria, aliyezijua kanuni za baraza kuliko sala zake na ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Kifungu, akainua kidole. "Haiwezekani. Hakuna kura kabla upande wa pili haujasikika, tena usikike kwa dhati, si kwa mzaha. La sivyo hoja inasogezwa mpaka Alhamisi ijayo."

Alhamisi ijayo wafagizi watakuwa wameshakabidhi funguo.

"Mwingine apinge, basi," Kinyume aliwaomba. "Nawaomba."

Nani achafue mdomo wake, na mtu wa kazi hiyo yupo? Walimtazama yeye, wakisubiri kwa tabasamu.

Kwa hiyo akapinga. Alisema chuo kipo kufundisha, si kuajiri watu kwa huruma. Alisema mashine haina mgongo wa kuuma wala magoti ya kuvimba. Alisema mwanamke anayesugua sakafu akiwa amepiga magoti ameshaachwa nyuma na dunia, na anayemwonea huruma anamchelewesha zaidi. Magoti hayo aliyajua. Alikuwa ameyapaka dawa kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ile. Alijichukia, nao walimzomea kwa raha zao zote.

Kifungu aliridhika. Kura ikapigwa, mikono yote ikapanda juu.

Watu walikumbatiana. Spika alimpiga Kinyume begani akipita. "Leo ulikuwa moto! Tungekwambia uje kesho, ila wewe si mtu wa utawala?" Akacheka, akawakimbilia wenzake, na vicheko vyao vikashuka ngazi. Kinyume alibaki katikati ya duara la viti. Akaanza kufunga madirisha.

Simu ikalia. Mama mdogo.

"Vipi, mwanangu? Wamekubali?"

"Wamekubali, mama. Wote. Kesho asubuhi wanakuja kukaa na nyinyi."

Alimsikia akiwatangazia wafagizi wenzake, nao wakishangilia. Kisha akarudi kwenye simu, sauti ameipunguza.

"Na mimi je, uliwaambia kwamba ni mama yako?"

"Niliwaambia."

"Wakafanyaje?"

Kinyume alitazama viti vitupu.

"Walipiga makofi," alisema.

"Makofi! Mimi, msugua vyoo!" Mama mdogo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Basi, hata kazi ikienda na iende. Mwenzio nilikuwa silali, nikidhani uko peke yako huko. Kumbe una watu."