Kitabu Ambacho Hakuna Aliyetaka Kukishika

Melkiory alijua kwa harufu kwamba kidole chake kimeungua. Alikuwa amekaa kando ya mafiga akichemsha magome ya kutengenezea wino, mkono wake wa kushoto umelala juu ya jiwe la moto, na hakusikia maumivu yoyote. Alidhani mama yake, Pulkeria, anababua mbuzi uani, mpaka alipotazama chini.

Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni pale Kanoni, shule ya udongo na nyasi. Siku hiyo akajua hatafundisha tena. Mabaka ya mgongoni aliyoyaficha kwa shati tangu kiangazi sasa yalikuwa na jina, na jina hilo ni ukoma.

Kaka yake mkubwa, Kakuru, hakumtukana. Alimjengea kibanda mwisho wa kibanja, lile shamba la migomba la nyumbani, ng'ambo ya mfereji, kisha akamwita.

"Utakaa hapa. Chakula utawekewa ukingoni. Usivuke."

"Sitavuka, kaka."

Kakuru akangoja mdogo wake aingie ndani, akaukata mgomba ambao Melkiory alikuwa ameuegemea wakati wa mazungumzo yao, akautupa mbali.

Kitu kimoja tu Melkiory alikiomba kutoka nyumbani, nacho ni kitabu alichokuwa akikiandika. Kilikuwa habari za baba yao, Ndyamukama, mfugaji wa kijiji cha Ndama. Mbung'o walipoingia katika malisho, Ndyamukama aliswaga ng'ombe wake, mkewe na watoto wakimfuata, kuelekea kaskazini, upande wa Kyerwa, akitafuta nyasi zisizo na mdudu. Ng'ombe walianguka njiani mmoja baada ya mwingine, pembe zao ndefu zikabaki zimesimama majanini kama miti iliyokauka. Mwishowe yeye mwenyewe alishikwa na malale akafia porini. Melkiory wakati huo alikuwa seminari, akijifunza Kilatini. Hakumzika baba yake. Alipoanza kuandika, akikitanguliza kifo hicho kabla ya mengine yote, aliona kama anachimba kaburi kwa mkono wake mwenyewe, na hilo lilimpa nguvu ya kuendelea.

Aliandika kwa Kiswahili. Maneno ya ng'ombe tu, rangi zao na majina yao ya sifa, aliyaacha kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kwa kuwa hakupata ya kuyabadilisha. Kila sentensi aliitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, ili asiharibu karatasi. Vidole vilipoanza kujikunja aliifunga kalamu kiganjani kwa ukanda wa lubugo, ile nguo ya magome waliyovaa wazee. Vilipotoka vidonda, damu ilidondoka karatasini naye asijue. Akaendelea. Nani angemzuia? Alikuwa na siku nzima, na hakuna mtu aliyekuwa akimhitaji popote.

Alipofika katikati alimwita Egbert, katekista wa Kilutheri ambaye zamani alimwahidi kukifikisha kitabu kwa wachapaji wa misheni kule Bukoba. Egbert alikuja, akasimama mbali, kofia mkononi. Melkiory akainua kurasa zake juu ili azione.

"Ni nyingi," Egbert alisema.

"Nusu tu. Chukua hizi kwanza."

Egbert hakusogea. Alikuwa akitazama madoa ya damu.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nitazibebaje? Na nikizifikisha, nani atazipokea? Yule wa kupanga herufi ana watoto. Hata mimi nina watoto."

"Basi nikusomee, unakili."

"Nina vijiji vingi vya kuzunguka, Melkiory. Nitakuombea." Akaivaa kofia yake akaondoka, na pale kwenye migomba, akidhani haonekani, akafuta viatu vyake kwa majani.

Melkiory alizirudisha kurasa ndani akazilalia. Kuanzia siku hiyo hakuandika. Mvua zikaja, wino ukaota ukungu chunguni, na chakula alichowekewa ukingoni kiliwanufaisha kuku. Mama yake aliimba sala kwa mbali. Yeye alilala ameukabili ukuta, akawaza kwamba mtu anayeandika kitabu kisichoshikika ni sawa na mtu anayemkamulia maziwa ndama aliyekufa.

Siku moja mchana akasikia sauti ya dada yake.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia.

"Kaka, mbona husemi siku hizi? Nilikuwa nakaa hapa nyuma ya migomba nakusikiliza. Uliwaacha mtoni, ng'ombe wamegoma kuvuka. Ukanyamaza."

Joviana ndiye aliyekuwa mdogo wao wa mwisho. Posa yake ilikuwa imekwisha kurudishwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuoa katika nyumba yenye mkoma. Melkiory aligeuka akamwona kupitia mlangoni, amechuchumaa ng'ambo ya mfereji na jembe magotini.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Unataka kujua kilichotokea mtoni? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nataka kusikia utakavyosema wewe."

Akainuka. Lakini mkono sasa ulikuwa umekataa kabisa. Kalamu ilikwaruza karatasi ikapasua. Alijaribu mkono wa kushoto, akajaribu kuishika kwa meno, akalia kwa hasira kama mtoto, na Joviana akamwacha alie. Alipomaliza, dada akasema, "Nifundishe hizo herufi."

Ndivyo walivyoanza. Melkiory alichukua henzirani ndefu akachora herufi kwenye tope la ukingo wake, na Joviana akaziiga kwenye ukingo wa pili. Kwa kuwa walielekeana, dada aliziona kichwa chini, kwa hiyo kaka akajifunza kuzichora zimepinduka. Mvua ilizifuta, wakazichora tena. Joviana hakuwa mwepesi. Mara nyingi alitupa kijiti akaenda zake, na Melkiory alikaa akiitazama njia, akiogopa kuliko alivyouogopa ugonjwa. Kesho yake, au siku baada ya hiyo, alirudi. Karatasi safi Joviana alizipata huko Omurushaka, dukani kwa Rwegasira, mfanyabiashara kutoka Muleba, ambaye alimpa za kufungia sukari bila kuuliza za nini.

Kakuru aliwagundua.

"Umemwua dada yako mara moja kwa ugonjwa wako," alimwambia Melkiory, "sasa unataka kumwua tena?" Na kwa Joviana akasema, "Bwana afya amekwisha kuambiwa. Wanakuja kumchukua kambini, na kibanda kitachomwa pamoja na kila kilichomo. Ni amri."

"Pamoja na kitabu?" Joviana aliuliza.

"Hasa hicho kitabu."

Tangu hapo walifanya kazi kama watu wanaovuna mbele ya nzige. Melkiory alisoma kutoka katika kurasa zake, na pale zilipokatika alitunga kwa mdomo, Joviana akaandika. Walipofika kwenye kifo cha baba, Tata kama walivyomwita nyumbani, Melkiory aliutoa ukurasa ule wa kwanza kabisa akausoma polepole. Ndyamukama aliinua fimbo yake, akawabariki watoto, akaiambia ardhi ya Karagwe maneno mazito ambayo mwanawe aliyatunga kwa uangalifu mkubwa.

"Soma ulichoandika," akamwambia.

Joviana akasoma kwa kukwama: "Tata aliomba maziwa. Hayakuwepo. Akanitukana. Akalala."

"Si hivyo! Andika nilivyosema."

"Usinisahihishe, kaka. Wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyemfukuzia nzi usoni."

Melkiory alizitazama kurasa zake, zile alizozitolea vidole. Ukurasa huo ndio aliokuwa akiupenda kupita yote. Akautenga na nyingine, akaulaza chini kifudifudi.

"Alikutukana tusi gani?" akauliza.

Dada akamwambia.

"Basi liandike na hilo."

Watu wa bwana afya walikuja asubuhi, wanaume wanne na machela. Kitabu hakikuwa kimefika mwisho. Wakakitia kibanda kiberiti, na kurasa zenye madoa zikiwa ndani; kilikuwa kibichi kwa mvua, kikafuka moshi muda mrefu kabla ya kushika moto. Mama Pulkeria alipiga yowe, na Kakuru akamshika mabega. Wachukuzi wakatangulia naye kwa njia ya bondeni, na Joviana akafuata nyuma kwa umbali ule aliouzoea, karatasi kifuani na kalamu mkononi.

Melkiory alianza kusema. Alisema jinsi walivyorudi Ndama bila ng'ombe hata mmoja, na jinsi majirani walivyoficha vibuyu vyao vya maziwa ili wasiwaombe.

"Nyamaza, mzee, unatuchosha," mchukuzi mmoja akasema.

Hakunyamaza. Upepo ulikuwa ukichukua maneno.

"Rudia, kaka!" Joviana alipaza sauti. "Baada ya vibuyu sikusikia!"

Akarudia kwa nguvu zote. Kwenye kivuko wachukuzi walimzuia dada asipite. Melkiory aliendelea kumpigia kelele mpaka kilima kikawa kati yao, na hata hapo hakuacha, ingawa alijua kwamba sasa hakuna anayeandika.