Kibuyu Kilichosema Ndiyo

Saa tatu asubuhi Anyesi aliketi mlangoni, akapakata kibuyu cha kusukia maziwa, akalikandamiza gunzi lililokiziba. Kule Dodoma mjini Bunge lilikuwa limeanza, na kibuyu nacho kikaanza. Kilikohoa kidogo, kikasema, "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi." Ilikuwa sauti ya Meshack, mbunge wao. Anyesi aliendelea kusuka.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kibuyu cha kusukia hakinywewi kwa mdomo, maziwa humiminwa kwenye kata. Lakini miaka minne nyuma, siku ya kampeni, Meshack alikiinua akakitia mdomoni akanywa ili apigwe picha, na Anyesi akamwacha. Angemkatazaje? Mama yake Meshack alipofariki, Anyesi ndiye aliyemnyonyesha, titi la kushoto lake, la kulia la Devota, bintiye. Meshack alijifuta midomo, akaapa mbele ya watu kwamba malisho yao hayataguswa yeye akiwa hai. Kisha akaenda zake, sauti ikabaki kibuyuni.

Majirani waliacha kununua betri za redio. Walikuja na vigoda vyao, wakamsikiliza akiunga mkono bandari, akiunga mkono minara, akiunga mkono na posho.

"We Anyesi, huyu ulimnyonyesha maziwa au ulimnyonyesha ndiyo?" aliuliza Emiliana, jirani yake.

"Hapana yake anaitunza," alisema Anyesi. "Anaiweka kwa ajili ya malisho."

Muswada wa kuyatwaa malisho yao ulifika Bungeni Jumanne. Watu walijaa mpaka kwenye zizi. Anyesi alisuka polepole, asipoteze neno.

"Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja," kilisema kibuyu. Baadaye kidogo kikasema, "Ndiyooo," ile ndefu ya mtu aliyeshiba.

Siagi ilitoka nyingi siku ile, Anyesi akawagawia.

Mwezi uliofuata Meshack alikuja na wapimaji na mawe ya mipaka.

"Mbukwa, jamani!" alisalimia. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mle ndani nilipigana, mama. Tulizidiwa."

"Tulikusikia," alisema Emiliana, akakionyesha kibuyu kwa kidevu.

Meshack alikitazama. Alisema kimetunzwa vizuri.

Luka, mwenyekiti wa kijiji, alifungua daftari. Kila mwenye kaya alitakiwa kutamka kama anakubali kuhama na mifugo yake. Wote walishasema watafuata neno la Anyesi, na neno la Anyesi lilijulikana tangu juzi: hahami. Kwa hiyo Luka alianza naye.

"Mama Anyesi, unakubali?"

Anyesi alifungua mdomo. Mapajani mwake kibuyu kikamwahi.

"Ndiyooo."

Meshack alikuwa amefumba midomo, anatazama ng'ombe.

"Hiyo si sauti yangu," alisema Anyesi. "Ni ya mwanangu."

"Imetokea kwako, mama," alisema Luka, bila ubaya wowote, akaandika. Waliobaki wakapanga mstari nyuma yake, mmoja mmoja, wakakubali.

Wapimaji walisimika jiwe la kwanza katikati ya zizi. Jua lilikuwa kali, Meshack akaomba maziwa, akanyoosha mikono kukipokea kibuyu.

Anyesi alikivuta kwake. Alichomoa gunzi, akammiminia kwenye kata kama mgeni mwingine yeyote, akasubiri amalize.