Osiako na Tangazo la Kaunti

Osiako alikuwa na sauti nzuri, na hakuna mtu upande wa Shinyalu aliyetaka kuisikia. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka na pikipiki yake, spika mbili zimefungwa nyuma kwa kamba za mpira, akitangaza vifo. Nani amefariki, mtoto wa nani, mkwe wa nani, atazikwa lini. Wanawake wakimsikia kwenye kona waliacha kupalilia wakasimama mkono kifuani mpaka ataje jina. Hata siku alizokwenda dukani kununua sukari, hana spika wala nini, kuna waliovuka barabara wasikutane naye.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyosema. Nyumbani alikuwa mcheshi, mpenda chai tamu na maneno mengi. Lakini nani angejua? Watu walimjua kwa misiba yao, na mtu wa misiba hakaribishwi chai.

Ndipo Jumatatu moja akaitwa na Isaiah, msimamizi wa wadi. Isaiah alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi, afisi yake chumba kimoja kando ya soko, na nje ukutani ubao wa matangazo ya kaunti. Ubao huo, jamani! Tangazo la chanjo ya ng'ombe la mwaka juzi, la leseni limepauka likawa jeupe, na yale ya chini mbuzi walishayala zamani.

"Mzee, niko na shida," Isaiah alisema, akamvutia kiti. "Kaunti inataka kujenga wodi ya akina mama kujifungulia, hapo kwa zahanati yetu. Lakini lazima wananchi waulizwe kwanza. Waje mkutano, waongee, watie sahihi. Mkutano wa kwanza nilibandika tangazo hapo nje na kwa ukuta wa zahanati. Wakakuja watu kumi na mmoja."

"Si mbaya," Osiako alisema kwa heshima.

"Wanne walikuwa wagonjwa wanangoja dawa."

Osiako akajikuna ndevu.

"Sasa makao makuu Kakamega wameandika. Mkutano wa pili ni Alhamisi hii, saa nne, na ndio wa mwisho. Watu wasipofika mia mbili, wodi inapelekwa kwingine." Isaiah alimsukumia karatasi yenye muhuri. "Watu wa hapa hawasomangi ubao, Mzee. Lakini wewe wakikusikia wanasimamanga."

Osiako aliipokea karatasi akaisoma mara tatu. Isaiah alidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Mwaka uliopita binti yake Maurine, aliyeolewa mlima wa pili tu kutoka hapo, alishikwa na uchungu mchana wa mvua. Zahanati haikuwa na pa kumlaza. Wakampakia pikipiki kumkimbiza Kakamega, pikipiki ikanasa kwenye tope kabla ya kufika lami, na mtoto akazaliwa kando ya mashamba ya chai, asilie. Kile ndicho kifo pekee cha eneo lile ambacho Osiako hakukitangaza. Watoto wa umri ule hawana tangazo. Tangu hapo Maurine alitamani mtoto na kumwogopa kwa pamoja, na baba yake alilijua hilo bila kuambiwa.

Kwa hiyo usiniulize kwa nini Jumanne asubuhi mzee alinyoa ndevu akavaa shati la manjano. Alikuwa anakwenda kutangaza habari njema kwa mara ya kwanza maishani. Alifanya mazoezi mbele ya kuku: "Kwa furaha kubwa, serikali ya kaunti inawatangazia..." Kuku hawakukimbia. Akaona mambo yako sawa.

Mazoea yana taabu, lakini. Alipofika kona ya kwanza alibonyeza kitufe kama alivyokibonyeza miaka yote, na wimbo ukalia ule ule wa kuaga wafu, kwa maana ndio pekee uliokuwamo. Wimbo ukaisha, akainua maikrofoni, na kabla hajaitazama karatasi mdomo ukaenda njia yake: "Kwa masikitiko makubwa..."

Akajisikia mwenyewe. Akakohoa. Akaivaa miwani akaisoma karatasi yote ya kaunti, neno kwa neno, kwa mujibu wa hiki na kwa kuzingatia kile, akidhani amerekebisha. Lakini nani anasikiliza "kwa mujibu wa" baada ya "masikitiko makubwa"? Watu walichukua walichozoea kuchukua: zahanati, Alhamisi, saa nne, mfike bila kukosa. Mama mmoja alikuwa ameshaingia ndani kutafuta leso. Na kila kituo alichosimama siku ile, wimbo ulikuwa ule ule, na mdomo ukamsaliti vile vile. Sauti yenyewe, hata aliposema "wodi mpya", ilishuka chini mwishoni kama jeneza linaloteremshwa.

Baada ya yeye kupita, watu wakaanza hesabu zao. Msiba si wa bomani kwa mtu, ni wa zahanati. Nani anaishi zahanati? Sista Milcah, muuguzi, mtu wa Likuyani, asiye na nyumba wala ukoo huku. Nani amemwona tangu juzi? Hakuna. Wakampigia simu, ikawa mteja hapatikani. Basi. Kilio kikaanzia kwa Kukhu Rachael, bibi mzee ambaye wajukuu wake saba walipokelewa na mikono ya Sista, kikavuka mto, na kufikia magharibi kilikuwa kimezunguka vijiji vitano. Sista Milcah mwenyewe alikuwa kwao Likuyani akivuna mahindi yake, simu imeishiwa chaji, afya tele.

Utauliza Osiako hakuambiwa? Nani amwambie mtangazaji alichokitangaza mwenyewe? Jumatano alipita kwa mkwewe Chrispinus, mume wa Maurine, akamkuta anakaza ngozi za ngoma za isukuti.

"Kesho mtakuja?" Osiako aliuliza, roho mkononi.

"Tutakuja wote, baba. Na ngoma."

"Hata ngoma?"

"Kwa Sista? Ni lazima."

Osiako akaona kweli, wodi itakuwa ya Sista, vijana wamefikiria vizuri. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na watu njiani wakashangaa mzee amekosa adabu kiasi gani.

Alhamisi saa tatu uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa mpaka kwenye ua. Isaiah alikuwa amekuja na viti hamsini vya plastiki na fomu za kutosha watu mia mbili, akisali. Sasa alisimama mlangoni mdomo wazi. Watu walikuwa wanashuka kutoka kila kijia: akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe, wanaume na mizigo ya kuni mabegani, unga kwa debe, sukari, majani ya chai, na kuku, ingokho wenyewe, wasiopungua thelathini wamefungwa miguu. Chrispinus na wenzake waliingia na isukuti kwa mwendo wa taratibu.

"Mzee," Isaiah alimnong'oneza Osiako, "kaunti haikusema watu walete kuku."

"Wamefurahi," Osiako alisema, machozi yakimlenga. Kisha akawatazama vizuri. Hawakuwa na nyuso za furaha. Kukhu Rachael alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, analia kwa sauti. Osiako alikijua kilio kile. Alikuwa amekisababisha miaka kumi na tisa.

Wakati huo huo pikipiki ikaingia langoni, gunia la mahindi nyuma, na juu ya gunia Sista Milcah. Akaona umati, akaona kuni, akasikia vilio, na kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri akaruka chini akashika kichwa akaanza kulia. Alilia moja kwa moja hadi kwa Kukhu Rachael, wakakumbatiana, wakalia pamoja.

"Ni nani, kukhu?" Sista aliuliza katikati ya kwikwi. "Ni nani ametuacha?"

"Ni Sista wetu," Kukhu alisema begani mwake. "Sista Milcah."

Sista akaacha kulia. Kukhu Rachael akarudi nyuma kidogo, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa, akamfinya shavu kwa nguvu.

"Uko na joto," alisema.

Halafu nyuso zote, mia nne na ushee, zikageukia shati la manjano.

"Osiako," mtu akasema polepole, "umetuulia mtu."

Wengine wakadakia. Shamba limeachwa, duka limefungwa, kuku wa mbegu wamebebwa, kumbe uongo. Mmoja akatupa kuni zake begani tena. Wa pili akafuata. Isaiah alipunga fomu akisema ni mkutano wa kaunti, mkutano tu jamani, na neno hilo likaharibu zaidi, kwa sababu mikutano ya kaunti waliijua. Watu wakaanza kuelekea langoni, na Osiako akaona wodi inatoka nayo, mguu kwa mguu.

Hakuwa amewahi kusema hadharani bila karatasi. Akapanda juu ya gunia la mahindi.

"Nisameheni," alisema, bila maikrofoni. "Mdomo wangu umezoea kifo. Nilitaka kuwaletea habari nzuri, nikashindwa. Lakini Maurine wangu huyu hapa." Alimwonyesha binti yake aliyesimama karibu na ngoma. "Mwajua alichokiacha kule kwa chai. Wengi wenu mmeacha vyenu barabara hiyo hiyo. Mimi nimewasomea majina ya wote walioondoka. Sijawahi kusoma hata mmoja anayekuja. Wanataka kujenga mahali pa hao wanaokuja, na wanangoja sahihi zetu leo. Leo tu. Mkishaweka, nendeni mnitukane nyumbani."

Maurine alijifunika uso kwa leso. Yule wa kuni akasimama, hajui ageuke au aendelee.

Kukhu Rachael ndiye aliyeamka, akijikung'uta nyasi. "Mimi nimetembea kutoka ng'ambo ya mto," alisema. "Nilitunga maneno ya kumuaga Sista usiku kucha. Siwezi kurudi nayo nyumbani. Nitayasema, awe amekufa au hajakufa."

Na akayasema. Alisema jinsi Sista alivyompokea mjukuu wake wa tatu kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na meno. Baada yake akasimama yule wa kuni, akaziteremsha, akasema mkewe alizalia kwenye benchi la kungojea dawa na Sista akavua sweta lake kumfunika mtoto. Wakafuatana. Kila mmoja alikuwa na hotuba yake ya mazishi, na kila hotuba, ukiisikiliza vizuri, ilikuwa inaomba wodi. Isaiah aliandika mpaka kalamu ikaisha wino akaazima nyingine. Sista Milcah alikaa kwenye kiti cha plastiki akisikia yote yanayosemwa juu ya watu wakishalala kaburini, na alikuwa na furaha hata haya zikamshika.

Zikaja sahihi. Fomu ziliisha, wakaandika nyuma ya fomu, wakaandika kwenye karatasi za kufungia dawa. Palikuwa na sehemu ya kujaza mtu alivyopata habari za mkutano, na watu mia nne thelathini na wawili waliandika neno moja: Osiako. Kisha Chrispinus akapiga ngoma, safari hii kwa mwendo wake halisi, mabega yakaanza kucheza, na watu wakala kuku kwa obusuma, ugali wa kwao, mpaka jioni. Isaiah alicheza vibaya sana, suruali yake ya pasi ikaisha heshima.

Ujenzi ulichukua mwaka na miezi. Osiako aliendelea na kazi yake, na watu wakapata tabia mpya: wakimsikia kwenye kona walisimama kama zamani, lakini sasa walisikiliza mpaka mwisho, wasije wakalia bure.

Na asubuhi moja ya Jumamosi, saa tatu, jua limeshatoka, Sista Milcah alitoka wodini akijifuta mikono akamkuta mzee kwenye benchi, shati la manjano limepauka. "Ni msichana," alimwambia. "Analia vile kuku analia. Maurine yuko sawa. Amesema uende ukafanye kazi yako."

Osiako aliiwasha pikipiki. Kwenye kona ya kwanza akabonyeza kitufe, wimbo ukalia ule ule, kwa sababu hakupata nafasi ya kutafuta mwingine. Akainua maikrofoni. Alikuwa na maneno yote tayari, jina la mtoto, la mama, la baba, la ukoo. Sauti haikutoka. Alisimama pale, spika wazi, na kitu pekee kilichosikika vijiji vitano ni mzee analia.

Kukhu Rachael, aliyejua Maurine amelazwa wodini tangu jana, alikuwa langoni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyojifunza, asisikie "masikitiko" hata mara moja. Halafu akaingia ndani, akamkamata ingokho, akapima unga debe moja, akamwita jirani amsaidie kuni.

"Ni nani tena, kukhu?" jirani aliuliza, mkono kifuani.

"Mmoja amekuja," Kukhu alisema. "Twende, kuni ni zile zile."