Mkono wa Kulia wa Baba Kindness

Kila Jumamosi mchana, duka la dawa za mifugo la Elimringi, jirani na soko la Mbuyuni mjini Moshi, lilifungwa mapema. Mwenye ng'ombe anayeumwa alitakiwa avumilie hadi Jumatatu, yeye na ng'ombe wake. Nyuma ya duka, kati ya magunia ya pumba na madumu ya dawa ya kupe, wanaume watatu wazima walikaa mbele ya televisheni kwa shughuli moja tu, kushangaa.

Waliyemshangaa ni mpiga gitaa wa Ulaya, Mjipsi, wa wale watu wa misafara ambao jazi wanaipiga kwa magitaa, bila ngoma, kwa kasi ambayo jicho linachoka kuifuata. Jina lake walilijua lakini hawakulitaja ovyo. Walimwita Fundi tu, tena kwa sauti ya chini, na Mwalimu Aminieli, aliyestaafu kufundisha fizikia, alivua kofia kila Fundi alipotokea kwenye kioo.

"Umeuona mkono wa kulia?" aliuliza Filbert, wakala wa bima.

"Nimeuona," alijibu Elimringi.

"Haujakaza hata kidogo."

"Hata kidogo, ndugu yangu."

Hapo walishusha pumzi, wakairudisha video nyuma, wakaanza kushangaa upya.

Magitaa walikuwa nayo, msidhani. Yalikuwa magitaa ya bei mbaya, yenye tundu dogo la umbo la yai kama la Fundi, na yalining'inia ukutani juu ya rafu ya chanjo za kuku. Ikitokea mmoja amejisahau akashusha la kwake na kupiga kidogo, wenzake walimsikiliza wamekunja uso kama wanaong'olewa jino, kisha mmoja alitamka, "Mkono wa kulia umekaza," na gitaa lilirudi ukutani. Miaka ikaenda hivyo. Kupiga walijua kwa kubahatisha, ila kwa kushangaa sidhani kama kuna aliyewafikia mlima mzima, kuanzia Machame mpaka Mkuu.

Wapiga gitaa wengine wote waliwadharau. Kijana anayepigia kwaya ya kanisa aliitwa mpasua kuni. Bendi za harusi ziliitwa "mishiko mitatu", kwa kuwa wimbo mzima zilimaliza kwa kushika nyuzi namna tatu tu. Nyuma ya duka lile hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Kumbe Elimringi mwenyewe alikuwa na wimbo wa mishiko mitatu. Aliutunga zamani, alipokuwa bado anaishi Machame, kabla hajajua kwamba duniani kuna Fundi. Asubuhi, akishapeleka maziwa kituoni, alikaa kibarazani na gitaa bovu la kununua mkononi kwa mtu, na bintiye Kindness alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka kiganja chake kidogo juu ya mkono wa kulia wa baba yake ili uende nao. Wimbo ulikwenda mwendo wa mtu aliyebeba maziwa kwenye njia ya utelezi. Ulipiga hatua, ukasita kidogo, ukapiga nyingine. Kindness aliuita wimbo wa maziwa. Elimringi hakuwahi kuutaja mbele ya wenzake, na siku akiukumbuka aliona haya peke yake.

Sasa Kindness alikuwa anaolewa Kibosho, na Jumamosi moja aliingia nyuma ya duka bila kubisha.

"Shikamoo baba. Shikamooni."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja na ombi moja. Siku ya sendofu, mkiniaga, ndafu ikiingia, usiwaachie watu wa spika. Piga wewe. Piga ule wimbo wa maziwa."

Filbert aligeuza shingo. "Wimbo gani huo?"

"Kitu cha zamani tu," alisema Elimringi, masikio yakiwaka moto. "Nitapiga, mama. Wewe nenda."

"Ule ule, baba. Usiuongezee kitu. Friji mmeninunulia, kabati mmeninunulia, Mungu awabariki. Mimi nataka huo."

"Si nimesema nitapiga?"

Kindness alimwangalia baba yake, akamwangalia Fundi kwenye kioo, akaondoka. Alimfahamu mzee wake, ndiyo maana alisisitiza.

Kwa Wachagga, ndafu haiingii ukumbini kama sinia la pilau. Mbuzi mzima aliyechomwa anapigishwa magoti juu ya ubao, na wabebaji wanamwingiza wakicheza, taratibu, mpaka mbele ya wakwe. Mchomaji aliyepewa kazi hii alikuwa Wenseslaus wa Kibosho, mtu mwenye shingo nene na msimamo wake.

"Mbuzi wangu haendi nje ya muziki," alimwambia Yuditha, mke wa Elimringi. "Muziki ukisimama, nasimama. Ukitembea, natembea. Sijawahi kuukosa na sitaukosa kwako."

Aliomba aimbiwe huo wimbo. Kindness alimwimbia, na Wenseslaus na wenzake wakafanya mazoezi migombani na ubao mtupu, hatua na kusita, hatua na kusita, mpaka wakaupata vizuri.

Elimringi naye alikuwa anafanya mazoezi yake, tofauti kabisa. Kila alipofikiria mishiko mitatu mbele ya Filbert na Mwalimu Aminieli, aliongeza madoido. Akajiambia kwamba ahadi haivunji. Wimbo ni ule ule, ila sasa atauvalisha suti. Ataanza polepole kumridhisha mtoto, halafu aufungulie kama Fundi anavyofungulia, mkono wa kulia ukiruka na vidole vya kushoto vikikimbizana shingoni mwa gitaa. Akilini aliwaona wenzake wanafuta machozi. Aliona mpaka Kibosho nzima inauliza, huyu alikuwa wapi siku zote?

Siku ikafika. Turubai lilifungwa uani kwao Machame, pombe ya mbege ikashuka, supu ya mtori ikanywewa. Wakwe walikaa meza ya mbele, na katikati yao alikaa Bibi Theopista, nyanya wa bwana harusi, katika gauni jeupe alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Filbert na Mwalimu Aminieli walisimama nyuma kabisa, mikono wameikunja kifuani, kama watu waliotumwa kukagua.

Elimringi aliketi, akawekewa vipaza sauti viwili, kimoja kwenye gitaa na kimoja mdomoni, maana alisema ana neno fupi. Neno lilianzia kwa Wajipsi na misafara yao, likapita kwenye umbo la tundu la gitaa, na lilikuwa linaelekea kwenye mkono wa kulia mke wake alipomkatiza.

"Piga, Baba Kindness. Mbuzi anapoa."

Akapiga, na nisimwonee, mwanzo alipiga vizuri. Wimbo wa maziwa ulitoka kama ulivyokuwa, na Kindness alianza kutikisa kichwa akitabasamu. Mlangoni Wenseslaus akaingia na wenzake, ubao mabegani, hatua na kusita. Shangazi wakapiga vigelegele. Kama angeachia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Aliinua macho. Kule nyuma akamwona Filbert ameinamisha uso, kwa ile huruma ya mtu anayepita penye msiba usio wa kwao. Elimringi hakuweza kuivumilia ile huruma. Alifumba macho kama Fundi, akafungulia.

Wenseslaus alishtuka, lakini neno lake ni neno lake. Gitaa liliongeza mwendo, naye akaongeza. Gitaa likaacha kusita, naye akaacha kusita. Shangazi walidhani ni mtindo mpya wa mjini, wakashangilia kwa nguvu zaidi. Wabebaji wakaanza kukimbia wakizunguka turubai, jasho linawatiririka, mbuzi anaruka juu ya ubao akiwa bado amepiga magoti, na kila walipotegemea muziki upumue haukupumua. Kwenye kona ya meza ya wakwe mbebaji wa nyuma akajikwaa kwenye kamba, ubao ukainama, na ndafu ikaruka glasi za soda na kutua mapajani kwa Bibi Theopista.

"Yesu na Maria!" alisema bibi, akamkumbatia mbuzi asianguke.

Watu wote walinyamaza. Elimringi, akiwa bado amefumba macho, aliusikia ukimya ule akaona ni heshima, akaongeza mzunguko mmoja. Alipiga pigo la mwisho, akainamisha kichwa muda mrefu, ndipo akafumbua. Watu wawili tu, kule nyuma, walikuwa wanapiga makofi. Mwalimu Aminieli alikuwa amevua kofia.

Kisha akaona meza ya mbele. Akaona mafuta kwenye gauni jeupe, akamwona Kindness amepiga magoti anayafuta kwa kitambaa. Binti hakumtazama hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma.

"Baba Kindness," alisema Yuditha. "Isale."

Hakuongeza neno, na Mchagga hahitaji kuongezewa. Isale ni lile jani la kwenye uzio ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Elimringi alienda kwenye uzio, akachuma, akarudi mbele ya watu wote na suti yake, akapiga magoti kama mbuzi.

"Nimelipokea," alisema Bibi Theopista. "Ungeniletea kitu kingine ningekataa. Lakini mimi nilikuja kuona mbuzi akicheza, sikuja kuona mbuzi akikimbizwa. Chini hajagusa, amenigusa mimi. Mrudisheni mlangoni, aingie upya. Na wewe, mkwe, piga ule wa mwanzo, mtoto alioutikisia kichwa, kabla hujaanza kuwashwa."

Elimringi alirudi kwenye kiti. Wenseslaus alisimama mlangoni na ubao, uso umemvimba kwa hasira.

Akaanza, na vidole vikakimbia. Akavizuia, akaanza tena, na mahali pa kusita mkono ukapaparika na kuparamia mbele. Wenseslaus aliinua mguu, akaurudisha chini. Miaka yote ile Elimringi alikuwa amewaangalia watu wanaokimbia, na sasa mkono wake haukujua kungoja. Alishika mshiko wa pili, ukatoa sauti ya bati. Aliogopa, tena waziwazi, mbele ya wakwe, kwa wimbo aliouita kitu cha zamani tu.

"Nipe, baba," alisema Kindness.

Alilichukua gitaa, akavuta kreti tupu la soda, akalipindua na kulikalia na gauni lake la sendofu. Hakuna aliyejua kwamba anapiga. Baba yake alipohamia mjini aliliacha nyumbani lile gitaa bovu, na hakuwahi kuuliza limekwenda wapi.

Wimbo wa maziwa ukatoka. Wenseslaus akapiga hatua, akasita, akapiga nyingine, na ndafu ikaingia imepiga magoti kwa adabu zake zote. Shangazi wakaipokea. Bibi Theopista aliinuka na doa lake la mafuta, akatoka mezani akicheza, na Yuditha akamfuata, na wazee wa kanisa la Kilutheri la Machame wakacheza na Wakatoliki wa Kibosho bila kubaguana. Bwana harusi alikuwa analia na hajali nani anamwona.

Elimringi alikuwa amesimama pale pale nyuma ya kipaza sauti chake, hana pa kuweka mikono. Wimbo ulikuwa mzuri, na ulikuwa wake, na alitamani kumwambia mtu. Wenzake walikuwa wamesogea, mmoja kulia, mwingine kushoto.

"Unasemaje?" Filbert alimnong'oneza.

Mdomo uliozoea ukajibu wenyewe.

"Mkono wa kulia umekaza."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Spika zilizofungwa kwenye miti zililitangaza neno hilo uani kote, mpaka barabarani zilikoegeshwa pikipiki. Shangazi mmoja alibaki mdomo wazi, kigelegele kimemwishia nusu. Mwalimu Aminieli alivaa kofia yake, akaanza kuangalia viatu.

Kindness hakusimama. Aliendelea kupiga mpaka Wenseslaus alipoutua ubao mbele ya wakwe, ndipo akatuliza nyuzi kwa kiganja na kuinua uso.

"Najua, baba," alisema. "Ni mkono wako huo."

Akamrudishia gitaa, akaenda kukata mbuzi.